Usiache Mbachao

Yameingia mahubiri mapya katika nchi yetu, na wahubiri wake hawana msikiti wala kanisa. Wanahubiri ndani ya simu. Wanasema kwamba kitu chochote kilichokaa nyumbani mwaka mzima bila kuguswa ni fedha iliyolala, na kwamba mwenye akili hukipiga picha, akakiweka mtandaoni, akakiuza, kisha kwa fedha hiyo akajinunulia chombo cha kisasa. Nimeyasikia mahubiri haya redioni, nimeyasikia kwa walimu vijana wa shule niliyoiongoza, na mwisho nimeyasikia barazani kwangu hapa Chumbi, kutoka kinywani mwa mjukuu wangu mwenyewe, ambaye wakati akisema alikuwa akilitazama kabati langu la vitabu kwa jicho la dalali. Naandika ili kuyapinga.

Kwa msomaji asiyeijua Chumbi, sisi tupo Wilaya ya Rufiji, kusini ya mto, kando ya barabara kuu iendayo Kilwa na Lindi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 tulikuwa tukivuka kwa kivuko pale Ndundu, na mto ulipofura tulingoja. Kitu kilichotufikia enzi hizo kilikuwa kimekwisha kuteseka njiani, na labda ndiyo sababu tuliokipokea tulikitunza. Leo basi linaondoka Mbagala Rangi Tatu asubuhi na mchana limekwisha kufika kwetu, na mzigo hukabidhiwa konda kama vile barua ilivyokabidhiwa tarishi. Njia imekuwa nyepesi kwa vitu vinavyokuja. Imekuwa nyepesi vilevile kwa vitu vinavyoondoka, na hayo ya kuondoka ndiyo ninayotaka kuyazungumza.

Lipo kundi la WhatsApp la eneo letu, nami nimo, maana kijana wangu aliniingiza ili nipate habari za misiba. Habari za misiba ni chache. Kutwa nzima ni matangazo. Nimeona cherehani, baiskeli za Phoenix, vitanda, nyavu, masufuria makubwa ya shughuli, paneli za sola, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na mara mbili nimeona milango iliyong'olewa kwenye nyumba ambayo wazee wake wamefariki. Mimi ni mwalimu, hivyo husoma kila kitu hata nisichokitaka, na matangazo haya nimekwisha kuyajua kwa moyo. "Bei poa." "Haina mkwaruzo." "Bei maelewano." "Njoo inboksi." Halafu mwishoni huja maneno haya: "Sababu ya kuuza, naongezea simu." Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo sentensi pekee ya kweli katika tangazo zima, na ndiyo inayotisha. Cherehani inauzwa ili kuongezea simu. Kijana anayo simu tayari, ila imepitwa na nyingine. Basi huichukua ile ya zamani, huongeza fedha juu yake, hupewa mpya. Wengine huongezea sabufa, wengine taa ile ya duara ya kupigia picha, wengine kamera.

Tulitazame kwanza hilo neno lao, kwa sababu hoja yote imesimama juu yake: "kisichotumika". Nani amesema hakitumiki? Kwa kipimo gani? Mhubiri wa simu hupima matumizi kwa mikono yake mwenyewe na kwa kalenda ya mwezi mmoja. Hakugusa, basi hakitumiki. Lakini nyumba ya kwetu haina mtu mmoja, na mwaka wa kwetu hauna mwezi mmoja. Sufuria la kupikia pilau ya watu mia mbili halitumiki Jumatatu wala Jumanne. Hukaa stoo limepinduliwa, panya hulala ndani yake, vumbi hulifunika. Siku akifa mtu, au akiolewa binti, au yakisomwa Maulidi, hutolewa likasuguliwa kwa mchanga, na siku hiyo thamani yake haisemeki. Sufuria hilo hutumika siku tano kwa mwaka, na siku zilizobaki 360 ni za kungoja. Kungoja nako ni kazi ya chombo. Ndoo ya mchanga iliyokuwa ikining'inia ukutani kwenye ofisi yangu ya shule kwa ajili ya moto haikuwahi kuzima moto hata mmoja, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniandikia kwamba niiuze.

Tena chombo kilichomo nyumbani mara nyingi si cha aliyemo nyumbani peke yake. Mwaka 1973, nilipokuwa mwalimu kijana mwenye cheti kipya cha Chuo cha Ualimu Kigurunyembe, ilikuja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikusanyika kwa vikundi kusikiliza vipindi vya redio juu ya malaria, vyoo na maji safi, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kikundi nilichokiongoza kilikuwa na redio moja, na redio hiyo ilikuwa mali ya mzee mmoja ambaye kwa umri wake alikuwa hasikii sawasawa. Kwa kipimo cha leo yule mzee alikuwa na kitu asichokitumia, angekipiga picha. Lakini kila kipindi kilipokaribia tulikwenda kumbishia hodi, naye alikwisha kuiweka redio juu ya kigoda, imefutwa vumbi, betri zimeanikwa juani ili zipate nguvu kidogo. Wasomaji wa rika langu wanazikumbuka betri za kuanikwa.

Nichukue sasa cherehani, maana ndicho chombo kinachouzwa zaidi katika kundi letu. Karibu kila nyumba ya Chumbi iliyokuwa na mama mwenye bidii ilikuwa na cherehani ya kukanyaga. Mama amezeeka, macho hayaoni tundu la sindano, cherehani imefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa ua la plastiki. Wajukuu wanasema haitumiki. Basi ngoja ifike Januari. Tangu Januari 2016 serikali imefuta ada katika shule za umma, jambo jema ambalo nililitamani miaka yote ya kazi yangu. Lakini sare hazikufutwa. Mtoto anatakiwa awe na shati, sketi au kaptula, na sweta kwa baadhi ya shule. Nyumba yenye cherehani, hata ikiwa mama haoni, yupo binti wa jirani anayeona. Huja akakaa, akashona za watoto wa nyumba hiyo bure kwa kuwa ametumia chombo chao, akashona na za kwake akalipwa. Nyumba isiyo na cherehani hununua sare sokoni. Nimefuatilia cherehani moja iliyouzwa kutoka kitongoji chetu. Mnunuzi alikuwa fundi wa Mbagala, mtu mwenye akili zake, wala simlaumu. Anashona sare. Kila Desemba mafurushi yake hupakiwa kwenye basi lilelile, huteremshwa hapahapa barabarani, na miongoni mwa wanaoyanunua yumo mama mzazi wa kijana aliyeiuza cherehani.

Hayo ya cherehani ni hasara ya fedha, na hasara ya fedha mtu huweza kuikokotoa akaikubali. Liko lingine ambalo halikokotoleki.

Watu wa Rufiji tumekuwa na nyumba mbili tangu zamani za mababu. Mashamba ya mpunga yako bondeni, mahali ambapo mto ukipanda huacha rutuba, na huko watu hujenga madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakakaa kulinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mwaka 1968, baada ya mafuriko, serikali ilianza Operesheni Rufiji ya kutuhamisha kutoka bondeni na kutukusanya kwenye vijiji vya mwinuko. Tulihama, lakini mashamba hayakuhama, na kila msimu watu huteremka. Anayeteremka huwa na mtumbwi. Hata kama mto uko mbali na yeye, hata kama miaka mitano imepita hajaugusa maji, mtumbwi huwepo chini ya mwembe au mkorosho, umeinamishwa, kuku hutagia ndani. Mafuriko makubwa tuliyaona 1974. Tuliyaona tena 1998, wakati wa El Niño, na tena 2020. Kati ya mwaka na mwaka hapo katikati, hesabu mwenyewe ni miaka mingapi mtumbwi ulikuwa "hautumiki".

Kisha likajengwa Bwawa la Julius Nyerere kule juu ya mto, na maji yakaanza kujazwa humo Desemba 2022. Vijana wetu wakafanya hesabu yao. Wakasema mto umefungwa, mafuriko yamekwisha, mtumbwi wa nini? Wakati huohuo kulikuwa na watu wa mjini wanaotafuta mitumbwi ya zamani ya mti mmoja, iliyochongwa kwa tezo, wapate kuipasua na kuifanya rafu za vitabu, au kuisimamisha mlangoni mwa baa na kupanda maua ndani yake. Picha zikapigwa. Jirani yangu mmoja, ambaye sitamtaja, alikuwa na mtumbwi wa babu yake wenye umri kuliko mimi. Mwanawe aliuuza mwaka 2023. Lori lilikuja mpaka uani. Fedha ziliingia kwenye simu kabla lori halijawashwa, kwa kweli walikuwa wanunuzi waungwana, na kwa fedha hizo kijana alinunua sabufa na akaongezea simu. Tuliusikia muziki wake kwa miezi mingi.

Aprili 2024 maji yalikuja. Ndugu msomaji atakumbuka habari zake, maana zilitangazwa nchi nzima: mvua zilikuwa hazijakatika, mto ukafurika, na mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama; Muhoro, jirani zetu hapa, waliingiliwa majumbani. Mabishano ya bwawa na mvua nawaachia wahandisi. Ninalolijua ni kwamba mama wa nyumba ile alikuwa bondeni na wajukuu wawili, mpunga ukiwa umekwisha kuchanua na mwingine umekwisha kuvunwa, magunia 11 yako chini ya dungu. Usiku maji yalipita kwenye nguzo. Asubuhi yalikuwa yamefika kwenye sakafu ya fito. Mama alipanda na watoto mpaka darini, wakakaa humo siku nzima na usiku wa pili, mpaka mtumbwi wa mtu wa Muhoro, mtu ambaye naye ana watu wake wa kuwaokoa, ulipopita karibu ukawasikia. Simu alikuwa nayo, ile ya zamani ya mwanawe, ambayo safari hii hakuiuza. Ilikuwa haina chaji. Magunia hayakuonekana tena. Watu walipona, tunamshukuru Mungu.

Nilimwuliza yule kijana baadaye, kwa upole, maana aliwahi kuwa mwanafunzi wangu.

"Shikamoo, Mwalimu," akanijibu, "lakini Mwalimu, nani alijua? Ule mtumbwi ulikuwa hautumiki."

Hana ubaya kijana huyu. Amefundishwa hilo neno na watu wasioijua Rufiji, likamkaa kama jedwali la kuzidisha.

Sasa nije kwenye bei, kwa kuwa wahubiri hupenda kujigamba kwamba wao ni watu wa hesabu, nami nimefundisha Hisabati darasa la sita na la saba tangu wengi wao hawajazaliwa. Tuchukue mfano, na msomaji anaweza kubadilisha tarakimu kulingana na mahali alipo. Cherehani inauzwa shilingi 120,000. Toa 15,000 za kuisafirisha, maana mnunuzi wa mjini hulipia "ikifika". Toa 10,000 za aliyekuunganisha. Toa makato ya kupokea na kutoa fedha, tuseme 3,000. Umebaki na 92,000. Simu unayoitaka ni 250,000, basi unachukua 158,000 katika fedha yako ya ufuta. Baada ya mwaka mmoja na nusu simu hiyo imepitwa, kioo kina ufa, unaiuza 80,000 ili "uongezee". Cherehani mpya ya kukanyaga ukiitaka wakati huo itakugharimu, tuseme, 300,000. Swali: mwenye nyumba amepata faida au hasara, na ya kiasi gani? Mtoto wa darasa la sita angelipata. Atakayelikosa ni yule ambaye ameambiwa kwamba fedha iliyoko kwenye cherehani "imelala" na ile iliyoko kwenye simu "iko macho". Kwa hakika hiyo iliyo macho ndiyo inayokimbia.

Tena kitu cha kisasa kina ugonjwa ambao vitu vyetu vya zamani havina: kinaweza kufa kwa amri. Usiku wa Juni 16, 2016 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu zote bandia nchini. Siipingi hatua hiyo, ilikuwa na sababu zake. Ila walikuwapo watu waliouza mbuzi kununua simu zile wakidhani ni halali, wakaamka asubuhi ya Ijumaa wakiwa na vipande vya plastiki mkononi. Na sasa zimekuja simu za mkopo, ambazo ukichelewesha malipo hujifunga zenyewe ukiwa umezishika. Cherehani sijapata kuisikia ikizimwa kutoka Dar es Salaam.

Wazee wa ukanda wa korosho wanalijua neno "kangomba". Vijana wa mijini hawalijui, basi niwaeleze. Mkulima anabanwa na shida kabla ya msimu, mtoto anaumwa au chakula kimekwisha. Anakuja mtu mwenye fedha taslimu na kipimo chake mwenyewe, ananunua korosho kwa bei ya chini sana, nyingine zikiwa bado mtini. Msimu ukifika, mkulima hana korosho, mwenye kipimo anazo. Mwaka 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na jeshi likaletwa kuzisomba, wenye kangomba walisakwa kama wahalifu, na sisi tulipiga makofi. Basi nauliza: hiki kinachofanyika katika makundi ya simu kina tofauti gani? Angalieni miezi. Matangazo hujaa Januari hadi Aprili, wakati ufuta haujavunwa na fedha ya korosho imekwisha. Mwuzaji ana haraka, mnunuzi hana. Mwuzaji hajui bei ya mjini, mnunuzi anaijua. Kipimo ni cha mnunuzi, nacho ni maneno mawili, "bei maelewano". Hii ni kangomba ya vyombo vya nyumbani. Tofauti moja tu naiona: korosho mwakani huzaa tena.

Nimeambiwa kwamba mimi ni mzee anayeogopa biashara. Si kweli. Nimeuza vitu katika maisha yangu. Baiskeli yangu niliiuza kwa mwalimu mwenzangu nilipopata uhamisho, na mbuzi wangu wamekwenda mnadani mara nyingi kuliko mimi. Wala siichukii simu. Mishahara ya vijana wa leo huingia humo, na tangu M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008 pensheni yangu haihitaji tena safari ya kutwa. Tena nasema wazi kwamba kitu kilichokufa kweli, kilicho chako peke yako, kiuze, na ukipata mjinga wa kukinunua ghali, mshukuru Mola. Friji lisilogandisha, viatu vilivyombana mtoto, jozi ya nne ya spika: uza. Na yupo binti mmoja hapa kwetu aliyefanya kinyume cha wenzake wote. Aliiuza simu yake kubwa, akabaki na kitochi, akaongeza fedha za kusuka nywele, akanunua cherehani iliyokuwa ikitangazwa katika kundi hilohilo kabla haijapanda basi. Leo anashona mapazia mpaka ya watu wa Ikwiriri. Biashara ya namna hiyo ningeitungia wimbo kama ningejua kutunga.

Wengine hunijibu kwamba hata zamani vitu viliuzwa. Naam, viliuzwa. Lakini mzee aliyebanwa alikuwa akiweka rehani. Alipeleka jembe, au bangili ya mkewe, au bunduki ya gobori, kwa mwenye duka, akapewa fedha, akavuna, akakomboa. Kitu kilikuwa kinasafiri na kurudi. Hata kilipouzwa moja kwa moja, kiliuzwa kwa mtu wa hapa, na siku ya shughuli ulijua sufuria lako liko nyumba gani, ukaenda ukaliazima. Kitu kikishapanda basi kwenda kwa mtu uliyezungumza naye kwa maandishi tu, hukiazimi tena. Nendeni Unguja mkatazame. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na watu hutoka Ulaya kuja kuitazama milango yake ya nakshi. Ingieni kwenye maduka ya vitu vya kale mle, mtayakuta masanduku ya njumu, vitanda vya kuchongwa, na birika za shaba. Kila kimoja kilikuwa kwenye nyumba ya bibi wa mtu, na siku kilipouzwa, nina hakika, walisema hakitumiki. Mjukuu wa bibi huyo leo akikitaka akiweke sebuleni kwake hawezi kukilipia.

Na hao wenye masoko ya mtandaoni wenyewe msiwadhanie kuwa ni miamba isiyotikisika. OLX, iliyokuwa maarufu kwa kutuhimiza tuuze vya zamani, mwaka 2019 iliuza shughuli zake za Nigeria, Ghana, Kenya, Uganda na Tanzania kwa Jiji. Soko la kuuzia vitu ambavyo mwenyewe havitaki tena, nalo likauzwa na mwenyewe asiyelitaka tena. Samahani kwa kucheka.

Methali isemayo "usiache mbachao kwa msala upitao" nimeifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Ilikuwa ikija katika mitihani ya Kiswahili mara kwa mara, ikiwa imeachiwa nafasi ya kujaza, na watoto waliijaza vizuri sana. Baadhi ya waliopata alama zote katika swali hilo sasa ni wauzaji wakubwa katika kundi letu. Nimewahi kuwauliza wawili mbacha ni nini. Mmoja alisema ni aina ya samaki.

Nimekwisha kulipeleka jambo hili kwenye mkutano wa kijiji, na sikwenda na hotuba, nilikwenda na mapendekezo matatu. La kwanza, kitu cha nyumba kisitangazwe mpaka wakubwa wa nyumba hiyo wamekaa wakakubaliana, na mwenye kutangaza aandike jina la aliyekubali. La pili, chombo chochote cha kazi, cherehani, wavu, mtumbwi, jembe, kitangazwe kwanza ndani ya Chumbi na Muhoro kwa siku 14 kabla ya kuonyeshwa kwa watu wa mbali. La tatu, masufuria ya shughuli, majamvi na mitumbwi iliyobaki iandikwe katika daftari la kitongoji, na atakayebanwa na shida akope kwenye vikoba vyetu kwa kuweka chombo hicho rehani, kisha akikomboe msimu ukifika. Vikoba vinne vya akina mama vimekubali pendekezo la tatu. Mwenyekiti wa kitongoji alisema la kwanza litaleta ugomvi majumbani. Nikamjibu kwamba ugomvi upo tayari, ila sasa hivi huanza baada ya lori kuondoka.

Limebaki la pili, ambalo halihitaji serikali wala fedha, linahitaji msimamizi wa kundi akubali tu. Naye ni kijana mpole, ana duka la vifaa vya simu pale barabarani, na nadhani msomaji ameona ugumu wake. Amesema atalifikiria. Nimemwambia sina haraka sana, ila mtumbwi wa mwisho katika kitongoji chetu ulipigwa picha wiki iliyopita, na mpaka leo asubuhi, nilipopita kuutazama, ulikuwa bado chini ya mwembe.